Sifa Si Oda: Kweli na Uongo Kuhusu Kupima Soko

Wanaoanzisha biashara hupeana ushauri mwingi kuhusu soko, na mwingi wa ushauri huo haujawahi kupimwa wenyewe. Hizi hapa kauli sita zinazosikika sana, pamoja na hukumu zake.

1. "Niliowauliza wote wamelipenda wazo langu, kwa hiyo wateja wapo."

SI KWELI. Kampuni ya Coca-Cola iliwaonjesha karibu watu 200,000 ladha mpya ya soda yake, na wengi wakaipendelea kuliko ya zamani. Ilipoingia sokoni mwezi Aprili 1985, malalamiko yalimiminika, na baada ya siku 79 soda ya zamani ikarudishwa. Walioonja hawakusema uongo. Waliulizwa ipi tamu zaidi. Kuipendelea ladha mpya si sawa na kuwa radhi kuikosa ile waliyoizoea.

Kwetu kuna jambo la ziada: adabu. Ni wachache watakaokukatisha tamaa usoni, na "wazo zuri, Mungu akusimamie" ni dua, si oda. Basi usimuulize mtu kama atanunua. Muulize mara ya mwisho shida hiyo ilimpata lini, aliitatuaje, na ilimgharimu kiasi gani. Ambaye hajawahi kuhangaika kuitatua, ni vigumu aje kukulipa wewe uitatue.

2. "Henry Ford alisema angewauliza watu, wangetaka farasi wenye kasi zaidi. Kuuliza hakusaidii."

SI KWELI. Hakuna ushahidi kwamba Ford aliwahi kutamka maneno hayo. Isitoshe, gari lake la Model T lilipotoka mwaka 1908, Wamarekani wenye uwezo walikuwa tayari wananunua magari. Hamu ilikwisha kuonekana. Kilichokosekana ni gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulimudu.

3. "Huwezi kupima soko la kitu ambacho hujakitengeneza."

SI KWELI. Mwaka 1999, Nick Swinmurn wa Marekani alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu mguuni. Hakukodi ghala wala kuagiza shehena. Alipiga picha viatu vya maduka ya watu, akaziweka kwenye tovuti, na oda ilipoingia alikwenda kununua jozi hiyo kwa bei ya duka na kumtumia mteja. Kwa namna hiyo faida haikuwepo, lakini jibu lilipatikana. Kampuni iliyotokana na jaribio hilo, Zappos, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 1.2.

Anayefikiria programu ya simu ya kuuza mboga anaweza kuanza na kundi la WhatsApp, namba ya kupokelea malipo na bodaboda mmoja.

4. "Kupokea pesa ya kitu ambacho hakijawa tayari ni utapeli."

NUSU KWELI. Ukidai kipo wakati hakipo, huo ni utapeli. Ukisema wazi kwamba bado, ukataja tarehe na ukaahidi kurudisha pesa ukishindwa, hiyo ni advansi kama ile anayoichukua fundi cherehani kabla ya kukata kitambaa. Na hata advansi ndogo ina uzito kuliko orodha ndefu ya waliosema "nitafute ukimaliza".

5. "Wateja wakikitumia kitu tofauti na ulivyopanga, jaribio limeshindwa."

SI KWELI. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya mwaka 2005 kwa watu wasiofika 500, wengi wao wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa kuwarahisishia kupokea na kulipa mikopo. Wao wakaanza kutumiana pesa, na wengine wakaziweka kwenye simu ili wasisafiri na noti mfukoni. Waliosimamia mradi waliliona hilo, na Machi 2007 Safaricom ilipoizindua huduma, iliinadi kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Suala la mikopo likawekwa kando.

6. "Nimepata oda 10, zinatosha."

INATEGEMEA. Kwanza ondoa za ndugu, majirani na unaowadai fadhila. Kisha linganisha zilizobaki na kiwango ulichojiwekea kabla ya kuanza. Kama hukujiwekea, idadi yoyote itaonekana nzuri, maana mwenye wazo ndiye hakimu na ndiye mshitakiwa. Andika kwenye karatasi: oda ngapi, kwa bei gani, ndani ya wiki ngapi; zikipungua hapo, sikopi pesa ya kuijenga biashara. Mpe karatasi hiyo mtu asiyekuonea haya, na tarehe ikifika aisome yeye.