Mwangaza ukichoma macho kisha operasio ya katarakte

Hapa Kambove, mtu akitoka kupasuliwa jicho, majirani wanauliza swali moja: "Sasa anaona?" Ndiyo, anaona. Lakini anavuta pazia, anakimbia kiwanja, saa sita ya mchana anakaa ndani na mkono mbele ya uso. Hapo njo maneno yanaanza mu kartie: "Banganga bamemuharibu." Na mwenzake aliyekuwa anajitayarisha kwenda vilevile anarudisha mguu nyuma. Anabaki na ukungu wake mpaka ashindwe kujua sura ya wajukuu.

Sisi delege wa sindika, watu wanatuletea maneno ya mishahara, ya repo, ya buti zilizotoboka. Maneno ya macho nayo inafika, na hii ya mwangaza inarudi sana. Tunataka kuisema wazi: mwangaza unaochoma siku za kwanza, mara mingi siyo alama ya kwamba operasio imeharibika.

Mtu aliyefanya kazi chini ya udongo anaelewa haraka. Ukipanda juu kisha posti, jua linakupiga, unafunga macho, unatafuta ukuta wa kushika. Macho hayakuharibika, yalizoea giza. Tofauti ni kwamba kwa mchimbaji inapita kwa dakika kidogo, na kwa aliyepasuliwa inaweza kuchukua siku mingi, hata wiki kadhaa. Maana lensi ya jicho, ile munganga aliyotoa, ilikuwa imegeuka rangi ya chai pole pole kwa miaka. Ilikuwa inazuia mwangaza kama kioo kichafu cha dirisha la lori, na mwenyewe hakujua. Siku wanaweka lensi mpya iliyo safi, mwangaza wote unaingia kwa mara moja. Zaidi ya hiyo, matone wanayoweka siku ya operasio yanafungua mboni, na mboni iliyo wazi haiwezi kujifunga mbele ya jua mpaka dawa iishe nguvu. Na jicho lenyewe lina kidonda, linakauka, linatoa machozi.

Mzee mmoja wa hapa, aliyepasuliwa jicho moja tu, alikuwa anajifurahisha na kitambaa cha meza: anafunga jicho moja, kitambaa cheupe; anafunga lingine, kitambaa ni cha manjano. Alimwambia mke wake: "Mama, miaka yote hii nilikuwa nakugombanisha bure juu ya sabuni."

Hiyo lensi mpya ina hadithi inayotufurahisha, sisi watu wa kazi. Mwingereza Harold Ridley, munganga wa macho, aliona wakati wa vita ya pili kwamba marubani walioingiwa na vipande vya plastiki ya ndege mu macho hawakuoza jicho; vipande vinakaa tu. Akafikiri: basi tunaweza kutengeneza lensi na plastiki ya namna hiyo. Tarehe 29 Novemba 1949, London, alianza kuitia mu jicho la mgonjwa. Wenzake wengi walimpinga miaka mingi. Kumbe ajali ya kazi ya watu wengine njo ilifungua njia.

Turudi Kambove. Tuko juu zaidi ya metre 1.300, na jua la mahali pa juu lina ukali wake. Wakati wa kipwa mawingu hayako, vumbi jekundu linapanda nyuma ya kila lori, mabati mapya yanarudisha mwangaza kama kioo. Usiku ni mafari ya malori ya madini ku barabara ya Likasi: aliyepasuliwa anaona duara na mishale kuzunguka kila taa. Asiendeshe moto wala gari usiku mpaka munganga amruhusu.

Kofia yenye ukingo mpana inasaidia kuliko watu wanavyofikiri, sababu jua letu linatoka juu. Miwani nayo, tunayoita malineti, tuichunge. Zile nyeusi za sokoni zisizozuia miale ya jua ni mbaya: giza lake linafungua mboni, na miale inaingia zaidi. Tafuta iliyoandikwa UV 400, inayofunika na pembeni, juu ya vumbi pia. Lakini ndani ya nyumba uitoe. Mwenye kushinda na malineti nyeusi mu chumba cha giza anazoeza jicho giza, na kesho mwangaza utamchoma zaidi.

Kuko mwangaza mwingine wa kuogopa. Kama jicho linauma kila siku zaidi, linakuwa jekundu, linaanza kuona vibaya kuliko jana, ao unaona radi na pazia jeusi pembeni, usingoje Jumatatu. Rudi ku lopitali siku ileile. Ikiwa ni kisha miezi ao miaka ndipo ukungu na mwangaza vinarudi pole pole, mara mingi ni kimfuko chembamba nyuma ya lensi kimepata utando. Wanakifungua kwa lazeri, dakika kidogo, bila kisu.

Ku kazi sasa. Wanaounga vyuma, na wanaosimama mbele ya tanuru, wasirudi kwa moto kwa haraka. Joto la tanuru lenyewe, miaka na miaka, linaleta katarakte. Chini ya udongo, shida ni lampe ya kaske: mwenzako akikugeukia kukusalimu, anakupiga mwangaza mu jicho. Ashushe kichwa kwanza. Hiyo haiombi franka hata moja.

Kinachoomba franka ni malineti. Tuliona karatasi ya munganga ikirudishwa na ofisi moja, tena kwa kicheko: eti malineti ya jua ni mapambo. Code du travail ya 16 Oktoba 2002 inamwomba mwajiri atunze afya ya mfanyakazi na familia yake mpaka mwisho wa kontra, na miwani iliyoandikwa na munganga iko ndani. Munganga aandike wazi kwamba ni ya kisha operasio, na mfanyakazi abaki na kopi. Bila kopi, hata sisi hatuna cha kuweka mezani.

Wazee walioondoka Gécamines mu départ volontaire ya 2003, watu zaidi ya 10.000, hawana tena kontra ya kufungua. Kwao ni watoto wanaolipa, ao hakuna anayelipa. Nao njo wenye umri wa katarakte. Tumeanza kukusanya kofia na malineti za waliopona, tunaosha, tunaangalia kama ziko na alama ya UV, tunaazima kwa wiki mbili tatu. Ziko kidogo.

Kwa wenye tarehe ya operasio mwezi huu: kofia iingie mu mfuko tangu asubuhi, siyo mtoto kuitafuta nyuma. Wa kukusindikiza awe mtu mzima. Na kurudi kutoka Likasi, omba kiti cha nyuma cha gari, mbali na kioo cha mbele, saa jua limeanza kushuka.