Majani ya Plastiki au Mmea Hai: Pesa Yako Iende Wapi?

Anayepamba sebule Dar es Salaam siku hizi anaweza kushuka Kariakoo akarudi na mti wa plastiki wenye kimo chake, uliotoka China kwa kontena. Anaweza pia kusimama kwenye bustani za miche kando ya Barabara ya Bagamoyo akachukua mmea hai na chungu chake. Wengi huchagua plastiki kwa sababu haili wala hainywi: ukishalipa, umemaliza. Kuna ukweli hapo, lakini gharama ya ua la plastiki huamuliwa zaidi na mahali utakapoliweka kuliko bei uliyolipa dukani.

Bei hutofautiana duka hadi duka, kwa hiyo natumia tarakimu za mfano, weka zako. Tuseme mti bandia umeuzwa shilingi 90,000. Ukiuweka kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana, ukachuja ndani ya miaka 2, kila mwaka umekugharimu 45,000. Mti huohuo ukikaa kwenye kona yenye kivuli ukadumu miaka 6, mwaka mmoja ni 15,000. Sasa tuseme mmea hai na chungu chake ni 35,000, na kila mwaka unatumia 5,000 kwa udongo na samadi. Baada ya miaka 6 umetoa 65,000, yaani chini kidogo ya 11,000 kwa mwaka, na mmea umezaa miche ya kugawia ndugu. Lakini ukiuzamisha kwa maji ukafa, ukawa unanunua mitatu kila mwaka, umetumia 105,000 kwa mwaka mmoja tu. Hapo plastiki inashinda waziwazi.

Kinachoharibu majani bandia ni mionzi ya jua, ile inayopausha hata mapazia. Huvunja rangi, kisha plastiki yenyewe ikawa ngumu na kukatika. Yapo majani yaliyotengenezwa kwa kuchanganywa na kinga ya mionzi, na huwa ghali zaidi. Muuzaji akikuambia yanafaa barazani, muulize kama yana kinga hiyo na kama yupo tayari kuiandika kwenye risiti.

Ukiwa dukani, usiridhike na kutazama kwa mbali. Pangusa jani kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Likiacha rangi, liache hapohapo. Vuta jani moja taratibu: yaliyochomekwa tu kwenye tawi hudondoka kila unapofuta vumbi. Majani ya kitambaa, ambayo kwa kawaida ni poliesta hata yakiitwa ya hariri, hupendeza macho lakini hushika vumbi na moshi wa jikoni. Ya polyethilini iliyomiminwa kwenye kalibu hufutika kwa urahisi. Nusa pia, harufu kali ya plastiki ndani ya chumba cha kulala ni kero utakayoishi nayo. Chunguza ncha za vikonyo, maana ndani mna waya, na kwa sisi wa pwani waya ulio wazi hushika kutu upesi, hasa bafuni. Mwisho inua chungu. Kikiwa chepesi mno, feni au mtoto atakiangusha, na utalazimika kununua kingine kizito.

Kuna fasheni ya kufunika ukuta mzima kwa majani, na hapa watu huumia kwa kuuliza bei ya kipande kimoja. Vipande vingi ni vya sentimita 40 kwa 60. Ukuta wa mita 2 kwa 2.4 unameza vipande 20, bado hujamlipa fundi wala kununua misumari na wavu wa kushikilia. Nyuma yake vumbi hukaa na mende hupata maficho. Mimi ukuta huo nisingeuweka nyumbani kwangu. Tena plastiki na poliesta hushika moto upesi: chetezo cha udi na mshumaa wa usiku umeme unapokatika vikae mbali kabisa.

Kwa upande wa mimea hai, upo mmoja ambao ningependa kila nyumba iujue: zamioculcas, wenye majani mazito yanayong'aa, yaliyopangana pande mbili za kikonyo. Asili yake ni Afrika Mashariki na Kusini, kuanzia Kenya hadi KwaZulu-Natal, na Tanzania imo. Wakulima wa Uholanzi waliuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990 ukasambaa duniani. Inaniuma kuona tunaagiza nakala yake ya plastiki kutoka ng'ambo. Mmea wenyewe huhifadhi maji kwenye viazi vyake vya chini ya udongo, hivyo hukaa wiki mbili au tatu bila kumwagiliwa, na huvumilia mwanga hafifu. Una madini ya oksalati yanayowasha mdomo, basi uwe mbali na mtoto anayetambaa.

Usinunue mmea hai kwa ahadi ya kusafisha hewa. Ahadi hiyo ilitokana na utafiti wa NASA wa 1989 uliofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ifanye kazi sawa na hewa inayopita kawaida ndani ya jengo. Kufungua dirisha hakugharimu kitu.

Sahani ya chini ya chungu nayo ina hatari yake. Maji yakituama humo, mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengue, hutaga mayai, na Dar es Salaam imekumbwa na milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Mwaga maji na sugua sahani angalau mara moja kwa wiki. Kama huwezi kujifunga kwa kazi hiyo, chukua plastiki.

Kwa hiyo pesa ya plastiki iende kwenye korido isiyo na dirisha, juu ya kabati usikofika kwa urahisi, au nyumba ambayo wenyewe husafiri kwa miezi. Sebule yenye dirisha ipewe zamioculcas. Na ukinunua bandia, chukua mti mmoja ulio bora, uache ile mitano ya bei ya kutupa.