Nyumba Nayo ni Dawa

Mama mmoja akigonga mlango wako usiku, uso umevimba, mtoto mgongoni, utamwambia nini? Wengi wetu husema, "Vumilia, mama, rudi kwako." Lakini mwenye kurudishwa kwa mkono uliompiga aweza kufa. Yafaa kanisa liwe na mahali pa kumpokea. Tena tujue kwamba nyumba ile yenyewe yaweza kumponya au kumzidishia ugonjwa.

Sababu ni hii. Mtu mwenye hofu, mwili wake hukesha. Moyo hupiga mbio, usingizi hukimbia, hamu ya chakula hupotea, na vidonda hukawia kupona. Ukimwambia, "Usiogope," haitoshi. Mwili wake hutulia ukiona mlango unaofungwa vizuri.

Tazama jambo lililofanyika Bukavu. Mwaka 1999 Daktari Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi, hospitali ya Waprotestanti. Wanawake wengi waliodhulumiwa walitibiwa pale, lakini wengine hawakuwa na pa kurudi. Kwa hiyo ikawekwa Nyumba ya Dorcas, wakae humo pamoja na watoto wao. Mwaka 2011 ikafunguliwa pia Cité de la Joie, yaani Mji wa Furaha, kwa kupokea wanawake 90 kwa miezi sita. Wanawake wenyewe waliulizwa wanataka mahali pa namna gani, nao walishiriki katika kujenga. Basi nasi tusimjengee mama bila kumwuliza.

Hapa Kabimba twaweza kuanza na chumba kimoja. Angalia mambo haya:

1. Mahali. Hapa kila mtu ajua nyumba ya mwenzake. Chumba kikiwa katika kiwanja cha dispensari, ambamo watu huingia na kutoka kila siku, hakuna atakayeshangaa. Usiweke kibao mlangoni. Hatari ikiwa kubwa, apelekwe mbali, Kalemie au kwingine.

2. Mlango. Komeo liwe ndani, mama afunge na kufungua mwenyewe. Komeo la nje ni la gereza. Dirisha lielekee njia, aone anayekuja kabla hajaonwa.

3. Hewa na nuru. Weka madirisha mawili yaliyoelekeana, upepo wa ziwa upite. Chini ya bati tandika dari ya mikeka, joto lipungue. Paka kuta chokaa, maana chokaa twaijua sisi, chumba kitang'aa. Lakini jihadhari, chokaa huunguza macho.

4. Maji na choo. Viwe ndani ya ua, na taa njiani. Mama asilazimike kutoka gizani.

5. Vitu vyake. Ampe kila mama kitanda, na sanduku lenye ufunguo. Watoto walale karibu naye.

6. Baraza na jiko. Kupika pamoja na wenzake humrudishia nguvu. Hata hivyo pawepo pembe moja ya kukaa peke yake, alie bila kutazamwa.

Wazee wa kanisa, msimhimize kurudi upesi ili aibu ifunikwe. Mama aliyepigwa alinyang'anywa uchaguzi wake. Mkimwachia achague saa ya kulala, chakula cha kupika, na siku ya kuondoka, mmeanza kumponya.