Je, Wajua? Kibali cha Haraka kwa Jengo la Kijani

Je, wajua kwamba zawadi tamu kuliko zote ambayo jiji linaweza kumpa mjenzi ni muda? Aliyekopa benki hulipa riba kila mwezi, ramani zikiwa bado zinasubiri mhuri. Kila wiki inayopungua pale ofisini ni fedha inayobaki mfukoni mwake.

Chicago iliuona mwanya huo. Mpango wake wa kibali cha kijani, ulioanza mwaka 2005, ulilenga kutoa vibali ndani ya siku 30 za kazi kwa majengo yanayobana matumizi ya umeme na maji. Waliofanya vizuri zaidi waliweza kusamehewa hadi dola 25,000 za ada ya wataalamu wanaokagua ramani.

Je, wajua kuwa Singapore ilitoa nafasi ya ziada? Mpango wa mwaka 2009 uliwaruhusu wenye majengo ya daraja la juu kabisa kuongeza hadi asilimia 2 ya eneo la sakafu. Ni kidogo kwa hesabu, lakini ardhi ya kisiwa kile ni ghali mno.

Seattle ilithubutu kuliko wote. Mwaka huohuo wa 2009 ilianza kuwalegezea masharti wanaojenga kwa kiwango cha “jengo hai”, miongoni mwa viwango vigumu zaidi duniani: ndani ya mwaka, jengo lizalishe umeme usiopungua ule linaoutumia. Anayekubali hupewa ruhusa ya kwenda juu zaidi.

Je, wajua kimo hicho cha ziada kilifanya nini kwenye jengo la Bullitt Center la huko Seattle, lenye ghorofa sita? Kiliinua dari, mwanga wa jua ukapenya hadi ndani kabisa ya ofisi, taa zikapumzika. Paneli 575 za sola zimefunika paa na kujitokeza nje ya kuta, juu ya njia ya waenda kwa miguu. Chini kuna tangi la maji ya mvua la zaidi ya lita 200,000. Ngazi zimewekwa mbele, kwenye vioo vinavyotazama mji, na lifti ikasogezwa nyuma, ili watu wapande kwa miguu kwa hiari yao. Lilifunguliwa tarehe 22 Aprili 2013, Siku ya Dunia. Aliyelisimamia, Denis Hayes, ndiye aliyeratibu Siku ya Dunia ya kwanza mwaka 1970.

Na je, wajua kwamba Seattle haiishii kwenye ahadi? Hapa ndipo miji mingi hulegea: upendeleo hutolewa kwa ramani nzuri, kisha hakuna anayerudi kuangalia. Seattle iliweka faini inayoweza kufika asilimia 5 ya thamani ya ujenzi kwa atakayeshindwa. Cheti chenyewe cha “jengo hai” hakitoki mpaka jengo litumike na kupimwa kwa miezi 12 mfululizo. Bullitt Center ilikipata mwaka 2015.