Jiwe Linalokunywa Maji na Jiwe Linaloyakataa

Chukua kigae kikavu cha mtungi, ukidondoshee tone la maji. Tone halikai: linatandaa, linazama, linabaki doa la unyevu. Sasa litazame jani la jimbi baada ya mvua. Maji yamejikunja kama shanga, yanateleza huku na huku, na jani lenyewe ni kavu. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni uso yalioangukia.

Chini ya Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei, tofauti hiyo iliamua mambo makubwa. Eneo la mafuta la Ekofisk liligunduliwa mwaka 1969, likaanza uzalishaji 1971. Mafuta yake hayajatuama kama ziwa, ingawa wengi wetu ndivyo tunavyoyawazia. Yamo ndani ya chaki, mwamba mweupe uliojengwa kwa magamba ya viumbe wadogo wa baharini, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho na nyufa nyingi. Kwa kawaida, presha ikipungua, wahandisi husukumia maji ardhini ili yafukuze mafuta. Hapa waliogopa: maji yangefuata nyufa, kama mvua inavyofuata mfereji, na mafuta yangebaki vitunduni. Pona yao ilikuwa moja tu, chaki yenyewe ivute maji kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa. Vipande vilipojaribiwa maabara, vikavuta. Maji ya bahari yakaanza kuingizwa kwa wingi mwaka 1987. Eneo ambalo mwanzoni lilitarajiwa kutoa asilimia 17 hivi ya mafuta yake, sasa linatarajiwa kutoa karibu nusu.

Kupima tabia hiyo ya jiwe kupenda maji au kuyakataa kuna njia kadhaa. Ya kwanza ni ya macho. Tone la mafuta linawekwa juu ya madini yaliyosuguliwa yakang'aa, yote yakiwa ndani ya maji, kisha inapimwa pembe ya ukingo wa tone kutokea upande wa maji. Pembe ikiwa ndogo, chini sana ya nyuzi 90, jiwe linapenda maji. Ikizidi sana hapo, linapenda mafuta. Ni kipimo safi, lakini mwamba halisi haujasuguliwa. Una mikwaruzo, udongo na kona.

Ndiyo maana mimi nakipenda zaidi kipimo alichokieleza mtafiti Amott mwaka 1959, ambacho kinauliza jiwe lenyewe. Kipande cha mwamba mfano wa kizibo, kilichojaa mafuta, kinatumbukizwa ndani ya maji kwenye chombo cha kioo chenye shingo iliyochorwa vipimo. Kinaachwa. Kama kinapenda maji, vitone vya mafuta vinaanza kujitokeza ubavuni, vinapanda, vinakusanyika shingoni. Vikikoma, kipande kinaingizwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi, ndugu ya ile inayotenganisha damu hospitalini, ili mafuta yaliyogoma yatoke kwa nguvu. Tuseme mililita 6 zilitoka kwa hiari na 2 kwa kulazimishwa: 6 gawanya kwa 8 ni 0.75. Zoezi linarudiwa kinyume, safari hii kipande kikiwa na maji na kikizamishwa kwenye mafuta, kisha jibu la pili linatolewa kwenye la kwanza. Moja kamili ni mpenda maji wa kweli, hasi moja ni mpenda mafuta. Amott alisubiri saa 20 tu. Baadhi ya mawe hunywa polepole kwa wiki nzima, na ukimharakisha mnywaji wa namna hiyo utamwandika vibaya.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, hutokea kabla jiwe halijafika maabara. Tope la kuchorongea kisima lina kemikali za jamii ya sabuni, zinazoweza kubadilisha upendeleo wa jiwe. Hewa nayo hubadilisha mafuta yaliyosalia kwenye kipande, na vijenzi vizito vinavyofanana na lami vinaganda kwenye kuta za vitundu. Ukikiosha kwa toluini na methanoli, kinarudi utotoni, kikipenda maji kama kabla hakijakutana na mafuta. Basi inabidi kikuzwe upya: kinalowekwa kwenye mafuta ghafi kwa joto la kule kilikotoka, mara nyingi kwa saa 1,000. Ni siku arobaini na ushee, kama mzazi anayetimiza arobaini yake. Kipimo cha jiwe ambalo halikutunzwa hivyo ni kipimo cha safari yake.

Halafu kuna sifuri. Ukipata sifuri, ni rahisi kuandika kwamba jiwe halina upendeleo. Mwaka 1973, mtafiti Salathiel alieleza jambo jingine alipochunguza kwa nini eneo la East Texas, Marekani, lilikuwa limetoa mafuta mengi kuliko kawaida. Vitundu vidogo vilibaki na maji na kuyapenda. Vitundu vikubwa, ambamo mafuta yalikaa kwa muda mrefu, vilipakwa utando wa mafuta ulioungana kutoka kitundu hadi kitundu. Katika utando huo mafuta yaliendelea kutiririka taratibu muda mrefu baada ya maji kupita, hadi yakabaki machache sana. Jiwe la aina hiyo lina mapenzi mawili yenye nguvu, na yakikaribiana ukubwa, kwenye kipimo cha Amott yanakatana na kusomeka sifuri.