Redio ya gari la Japani: Piga hesabu kabla ya kumlipa fundi

MFANYABIASHARA wa vitunguu anayepakia mzigo Singida mjini kuupeleka Nzega au Mwanza, lazima ateremke mlima Sekenke, wilayani Iramba, kabla ya kufika Shelui. Kwenye dashibodi ya Canter lake ipo redio iliyokuja na gari kutoka Japani. Inawaka na saa yake inasoma vizuri. Lakini ikizungushwa toka mwanzo hadi mwisho hukamata kituo kimoja au viwili, na mara nyingine hubaki ikikoroma tu.

Wenye magari wengi huamua kwamba redio hiyo imekufa. Mara nyingi si kweli. Redio ni nzima, ila ilitengenezwa kwa ajili ya masafa ya nchi nyingine.

Tanzania hununua magari mengi ya mitumba kutoka Japani kwa kuwa nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto, hivyo usukani hauna haja ya kuhamishwa. Tatizo liko kwenye FM. Hapa nchini vituo vya FM hurusha matangazo kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani, kwa miaka mingi, FM ilikuwa kati ya 76 na 90, kwa sababu eneo la 90 hadi 108 lilitumiwa na chaneli za televisheni. Televisheni za mfumo wa zamani zilizimwa huko mwaka 2011 na 2012, na kuanzia Desemba 2014 vituo vya FM vikaruhusiwa kufika 95. Kwa hiyo redio za miaka ya karibuni hufika angalau 95, na baadhi hufika 108. Gari la zamani zaidi huishia 90.

Maana yake ni kwamba redio ya zamani na vituo vya hapa nchini hukutana kwenye kipande kidogo tu, yaani 87.5 hadi 90. Kituo chochote kilicho juu ya hapo hakisikiki.

Hasara yake si ya muziki peke yake. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, na vitunguu vikilowa njiani huoza kabla ya kufika sokoni. Dereva anayesikia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi hujua kama afunge turubai au aahirishe safari. Tuseme Canter limebeba gunia 60, na kwa kulowa kila gunia limepungua bei kwa Sh 5,000. Mwenye mzigo amepoteza Sh 300,000 katika safari moja.

Njia iliyozoeleka ya kutibu tatizo hili ni konveta, kijisanduku kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa. Konveta ya 20 hupunguza megahezi 20, hivyo kituo cha 102 huonekana kwenye redio kama 82. Ukitaka kujua kituo halisi, jumlisha 20 kwenye namba unayoiona.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Redio ya Japani ina upana wa megahezi 14 tu, wakati masafa ya hapa nchini yana upana wa zaidi ya 20. Hakuna konveta moja inayoweza kuyaingiza yote. Ya 12 huleta vituo vya 88 hadi 102 na kuacha vya juu. Ya 18 huanzia 94, na ya 20 huanzia 96. Aidha, vituo vya chini ya 90 vinaweza kuvuja moja kwa moja na kuingiliana na vilivyoshushwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua, andika namba za vituo unavyovisikiliza kwenye njia yako, kisha chagua konveta inayovifikia. Ukishaifunga, ijaribu papo hapo kabla ya kulipa.

Jambo la pili ni umeme. Magari madogo hutumia volti 12, lakini malori mengi ya Kijapani, yakiwemo Canter na Fuso, hutumia 24. Konveta au redio ya volti 12 ikiungwa humo huungua. Baadhi ya mafundi hukwepa hilo kwa kuunga waya kwenye betri moja kati ya zile mbili. Ubaya wake ni kwamba betri hiyo huishiwa nguvu mapema huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na mwishowe zote mbili huharibika. Dawa ni kifaa cha kupunguza umeme kutoka 24 hadi 12.

Njia nyingine ni kubadilisha redio nzima. Gharama yake ni kubwa zaidi, lakini vituo vyote vya FM hupatikana kwa namba zake halisi, na nyingi zina USB. Kwa gari linalosafiri kila wiki, hii huwa nafuu kwa muda mrefu kuliko kununua konveta mara mbili.

Kwa asiye na fedha kwa sasa, kile kipande cha 87.5 hadi 90 bado kina faida. Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kiberiti cha gari kinaweza kurusha sauti ya simu hadi kwenye redio, kikitegeshwa kwenye namba isiyo na kituo ndani ya kipande hicho.

Hata hivyo, si kila ukimya ni kosa la redio. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na milima huyazuia. Kituo kinachosikika vizuri juu Misigiri kinaweza kupotea ukiteremka Sekenke, hata kwa redio mpya.

Kwa anayetarajia kununua gari, ushauri ni kuwasha redio kabla ya kukubaliana bei. Ikiishia 90, gharama ya kuibadilisha iingie kwenye mapatano.