Mgonjwa wa Kifua Kikuu Asifichwe

Hapa Sanya Juu ukitaja Kibong'oto, wengi hushtuka. Hospitali ile ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na tangu enzi za babu zetu "kupelekwa Kibong'oto" kumekuwa kama aibu. Kwa sababu hiyo, nikiwa tabibu nimekutana na wagonjwa wanaotaja mtaa usio wao, ili watu wa afya wasifike nyumbani. Leo tueleze kwa nini wanafika.

Kifua kikuu huenea kwa hewa. Mgonjwa wa mapafu asiyetibiwa anapokohoa, vijidudu hubaki hewani na wengine wakavivuta. Hakienei kwa kupeana mkono wala kula sinia moja. Walio hatarini zaidi ni wanaolala naye chumba kimoja, hasa watoto wadogo. Nasi huku kwenye baridi hufunga madirisha yote, tukavuta hewa ileile mpaka alfajiri.

Kwa hiyo kazi haiishii kwa mgonjwa. Jina lake huandikwa katika rejesta inayosimamiwa na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Kisha mhudumu wa afya hufika nyumbani kuuliza: nani anakohoa? Nani anakonda? Nani anatoka jasho usiku? Mwenye dalili hupimwa makohozi. Asiyeugua, hasa mtoto wa chini ya miaka 5, anaweza kupewa dawa za kinga. Ukidanganya mtaa, umemnyima mwanao kinga hiyo.

Wala utaratibu huu si wa kuletewa. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na namna ulivyowafuatilia wagonjwa, kwa ushauri wa Dk. Karel Styblo, ikawa mfano kwa nchi nyingi duniani.

Dawa hutolewa bure. Kwa kawaida ni miezi 6: miwili ya kwanza dawa za aina nne, minne inayofuata aina mbili. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, usiogope, ni dawa. Hatari ni kuacha baada ya kupata nafuu, kwani vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu. Kibong'oto ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, na matibabu yake ni mazito zaidi.

Ramadhani nayo isiwe sababu ya kuruka dozi. Sura al-Baqara, aya ya 184 na 185, zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Zungumza na tabibu wako mapema.

Basi tufanye haya:
1. Anayekohoa wiki 2 au zaidi aende kupimwa.
2. Tufungue madirisha, nyumbani na madrasa.
3. Mtoto mchanga apate chanjo ya BCG.
4. Tutaje majina ya wote tunaoishi nao.

Wapo wanaosema kuficha ni sitara. Sitara, ndugu yangu, ni kutomtangaza mgonjwa barazani. Kumficha kwa tabibu ni kuwadhuru waliolala naye chumba kimoja, nao ni amana mikononi mwako.

Wabillahi tawfiq.